Ajali Haina Kinga, Kichwa Kinayo

Mkirudi makaburini mnakung'uta mchanga miguuni, mnakaa kwenye majamvi, kahawa inazungushwa, na mzee mmoja anasema: ajali haina kinga. Wote mnaitikia kwa kichwa. Hapo habari imekwisha. Hakuna anayeuliza marehemu alivaa nini kichwani. Hakuna anayeuliza ile kofia ngumu iliyoning'inia kwenye usukani wake ilikuwa inalinda nini pale iliponing'inia. Mmepata methali ya kujifichia, na mnajificha ndani yake mazishi baada ya mazishi.

Nawakaripia, watu wa Mkwaja. Nawakaripia na jirani zenu wa Buyuni, Mikocheni, Sange na Kipumbwi, na kila anayepanda magurudumu mawili katika pwani hii ya kusini mwa Mto Pangani, kutoka Bweni mpaka Saadani. Nawakaripia kwa sababu ni watu wangu, na nimechoka kuwasomea dua vijana ambao leo wangekuwa wanakula nasi. Ajali kweli haina kinga: ng'ombe atakatiza, waya wa breki utakatika, shimo litajaa maji ulidhani ni tambarare. Hayo hamyawezi. Lakini kichwa kina kinga. Mnaijua, mnaiona madukani, wengine mnayo nyumbani, na mmeikataa.

Tazameni mnavyoishi na kofia hizo. Kijana wa bodaboda anayo moja. Iko kwenye kioo cha pembeni, au imevishwa tangi la mafuta, au ameipakata kwenye kiwiko. Mkanda wa kidevuni ulikatika zamani, umeungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu. Kitambaa cha ndani kimeliwa na jasho, na lile povu gumu jeupe, ambalo ndilo kinga yenyewe, limemeguka vipande. Wiki nzima kofia inasafiri bila kichwa ndani yake. Siku ya safari ya Tanga mjini, akikaribia walipo askari wa usalama barabarani, anaivaa juujuu bila kufunga. Akishawapita anaivua na kuirudisha kwenye kiwiko. Mwanangu, ulimvalia nani? Askari ana kichwa chake na amekwenda nacho nyumbani. Ulichokuwa unakikinga pale ni noti iliyo mfukoni isiliwe na faini. Umeithamini noti kuliko ubongo unaokuwezesha kuihesabu.

Na abiria wa nyuma hana kitu. Aliyebanana naye kwa mtindo wa mishikaki hana kitu. Mtoto aliyekalishwa mbele juu ya tangi, uso wake ndio wa kwanza kukutana na chochote kitakachotokea, naye hana kitu.

Hiyo ni pikipiki, ambayo angalau serikali inaitaja: Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka 1973, inamtaka mwendeshaji wake avae kofia ngumu. Mwendesha baiskeli hakuwekewa sharti hilo. Hakuna askari atakayemsimamisha, hakuna faini, hakuna wa kumdanganya. Kwa hiyo baiskeli ndiyo mtihani wenu wa kweli. Hapo ndipo inapoonekana mtu analinda nini pale asipoonwa na mtu. Na jibu lenu ni moja, kutoka mtoto wa shule hadi mzee anayekwenda shamba: kichwa wazi, au kapelo, au kofia ya viua, ambayo ni nzuri kwa msikiti na haizuii hata ukucha.

Mwangalieni mchuuzi wa samaki anayetoka ufukweni alfajiri. Baiskeli yake ya Phoenix ni nzito, keria imeongezewa vyuma vya kuchomelea, juu yake tenga limebanwa kwa mipira ya tyubu, na maji ya samaki yanatiririka juu ya tairi la nyuma. Breki moja haishiki. Ya pili anaisaidia kwa kandambili, anakandamiza soli kwenye tairi la mbele akiteremka mlima. Taa hana, tochi ya simu ameing'ata mdomoni. Anakimbizana na jua, maana samaki hawamsubiri mtu, na uzito wote ulio nyuma yake unamsukuma kwenda mbele hata pale anapotaka kusimama. Namheshimu mtu huyu kuliko ninavyoweza kusema. Analisha vijiji vya bara na anasomesha watoto kwa misuli ya mapaja yake. Ndiyo maana naumia kumwona amefunga tenga kwa mipira sita ili samaki asidondoke, na kichwa chake mwenyewe amekiacha hivihivi.

Mtasema baiskeli ni mwendo wa taratibu. Hesabu haisemi hivyo. Kichwa cha mtu aliyekaa juu ya baiskeli kiko kama mita moja na nusu kutoka chini. Kikidondoka kutoka kimo hicho, baiskeli ikiwa imesimama kabisa, kinagusa ardhi kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Huko Ulaya kofia za baiskeli hupimwa kwa kudondoshwa kutoka takriban kimo hichohicho, kwa sababu mtu hahitaji gari limgonge ili aumie. Inatosha gurudumu la mbele lizame kwenye mchanga.

Ninyi ni watu wa minazi, na haya mnayaelewa kuliko mnavyojikubalia. Nazi inakomaa juu kule, mita 15 au 20, inaachia, inapiga ardhi kwa kishindo cha kumwamsha aliyelala, na ukiiokota ni nzima. Ichukueni nazi hiyohiyo, ifueni kwenye kifuo, muiondolee makumbi yote kibaki kifuu kitupu, halafu iachieni itoke mkononi hadi kwenye sakafu ya saruji. Inapasuka, maji yanamwagika. Kifuu ni kilekile kilichoanguka jana kutoka kileleni. Kilichokosekana ni makumbi, yaliyokuwa yakibonyea na kulipokea pigo kidogo kidogo kabla halijafika ndani. Povu gumu la ndani ya kofia, unene wa kama vidole viwili, linafanya kazi hiyo hiyo: linabonyea badala ya fuvu kupasuka, na ganda la nje linalitawanya pigo lisitue mahali pamoja. Likishabonyea halirudi tena. Ndiyo maana kofia iliyokwisha kugonga barabara mara moja imemaliza kazi yake, na anayekuuzia ya mtumba yenye ufa anakuuzia ganda tupu.

Sasa sikilizeni namna kifo hiki kinavyoingia nyumbani, maana kinaingia kwa hila.

Kijana ameanguka, kichwa kimegonga jiwe upande wa panja, pale fuvu linapokuwa jembamba na mshipa wa damu unapita chini yake. Anazimia kidogo, anazinduka, anainuka, anakung'uta suruali. Cha kwanza kutazama ni baiskeli. Watu wanamuuliza, anasema niko fresh. Anaikokota hadi nyumbani, anakunywa chai, anasimulia alivyoanguka na wadogo zake wanacheka. Kichwa kinamgonga, anapewa Panadol. Anatapika, mama anasema ni jua. Anasema ana usingizi, anajilaza. Usiku anaanza kukoroma, mkoromo mzito ambao hakuwa nao siku zote, na wa nyumbani wanaambizana kwa upendo: mwacheni, mwenzenu amechoka. Ule si usingizi. Damu imekuwa ikijikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo tangu jioni, ubongo unabanwa na hauna pa kwenda, kwa kuwa fuvu ni chumba kisicho na dirisha. Mngelifunua jicho lake mngeona mboni moja imetanuka kuliko ya pili. Alfajiri mama anakwenda kumwamsha.

Mama zangu, lishikeni hili hata kama mtalikataa lingine lote: aliyegonga kichwa, akapoteza fahamu hata kwa dakika, akatapika, au akakoroma isivyo kawaida yake, hapumzishwi. Anapelekwa hospitali usiku huohuo.

Na hospitali iko wapi? Zahanati inashona ngozi, haifungui fuvu. Hospitali ya wilaya iko Pangani mjini, makumi ya kilomita kutoka Mkwaja, na ng'ambo ya mto: ukifika Bweni usiku unasubiri pantoni. Ukivuka, kuna kilomita kama 50 hadi Hospitali ya Bombo, Tanga mjini. Na mgonjwa anayehitaji mpasuaji wa ubongo mara nyingi safari yake inaendelea hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Damu iliyo ndani ya fuvu haitazami ratiba ya pantoni. Mtu wa London akianguka na baiskeli, gari la wagonjwa linamfikia kabla simu haijapoa, na bado anavaa kofia. Wewe ambaye kati yako na chumba cha upasuaji kuna mchanga, mto na mikoa miwili, unasema kofia ni ya Wazungu. Kwa haki yote ingekuwa kinyume. Kadiri hospitali inavyokuwa mbali, ndivyo kofia inavyokuwa ya lazima, na hakuna penye ulazima kuliko kwenu.

Asiyekufa naye mnamwona na hamumtambui. Ni yule aliyekuwa mpole akarudi nyumbani mkali, anampiga mkewe kwa jambo dogo. Ni yule fundi hodari aliyesahau kazi yake. Ni yule aliyeanza kuanguka kifafa miezi kadhaa baada ya michubuko kupona. Mnasema amerogwa, kuna mtu hakupenda maendeleo yake. Mnamzungusha kwa waganga, mnachinja kuku, mnaviziana na majirani. Ubongo uliojeruhiwa unaleta hayo yote bila mkono wa jirani. Mmevunja undugu wa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na mchawi alikuwa jiwe la njiani na kichwa kilichoachwa wazi.

Mnajibu: siku ikifika imefika. Nani aliwaambia kwamba siku ya mtu hufika akiwa kichwa wazi tu? Baharini hamsemi hivyo. Mvuvi wa Kipumbwi akiona kusi limechafuka anaivuta ngalawa juu, na kabla ya msimu chombo kinakalafatiwa mshono kwa mshono. Sijasikia mtu akimwambia mvuvi huyo kuwa imani yake ni haba. Imani yenu inakuwaje kubwa ghafla mkishapanda baiskeli? Hiyo si imani, ni uvivu uliovishwa kanzu. Roho ni amana, na mwili ni amana, na kila mwenye amana ataulizwa aliitunza vipi. Siku hiyo hamtajibu kwa methali. Nyinyi makhatibu wa Ijumaa, na nyinyi wachungaji wa Jumapili, mnaosimama mbele ya watu waliofika ibadani kwa magurudumu mawili: lini mmewaambia kwamba kuuweka mwili hatarini bila sababu ni kosa mbele ya aliyeuumba? Mnalijua vizuri. Lisemeni.

Mnajibu tena: kofia ni ghali. Pikipiki hiyohiyo ina redio chini ya kiti, taa za rangi kwenye magurudumu na stika za timu ya Coastal Union kila upande. Baiskeli ina kengele mbili, vioo viwili na tandiko la manyoya. Hayo hayakushuka kutoka mbinguni, yalinunuliwa, na kila kimoja kilitangulizwa mbele ya kichwa. Na akifa mtapata fedha! Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Kijiwe kitachanga ndani ya saa moja. Mchele utatoka, mbuzi atapatikana, gari la kuwaleta ndugu kutoka Tanga na Dar es Salaam litalipiwa, na siku ya arobaini khitma itasomwa na pilau italiwa na kusazwa. Jumlisheni hayo yote, kisha niambieni kofia ingekuwa kiasi gani. Mkarimu wa maiti, bahili wa aliye hai: hiyo ndiyo tabia tuliyoizoea, na tunaiita utu.

Mkiinunua, nunueni kofia ya kweli. Kofia ya fundi ujenzi si kofia ya barabarani. Imetengenezwa kwa msumari unaodondoka kutoka juu, na mtu akianguka inaruka pembeni. Tafuteni yenye alama ya ubora ya TBS au ile herufi E ndani ya duara iliyoshonwa kwenye mkanda wa kofia ya pikipiki. Bonyezeni ndani mhisi povu gumu, si sponji tupu. Fungeni mkanda hadi vidole viwili tu vipite chini ya kidevu. Ya baiskeli ni nyepesi na ina matundu ya kupitisha upepo, kwa hiyo hoja ya joto, ambayo najua mmeshaiweka tayari, haina miguu. Jua la Tanga ni kali. Kaburi nalo halina upepo.

Dada zangu, mna hoja yenu na naiheshimu. Kofia ya bodaboda inanuka, imepita vichwa vingi, inaharibu misuko, na ushungi unateleza chini yake. Kweli tupu. Lakini jibu lake si kichwa wazi. Chukua kitambaa chepesi cha pamba, kikae kwenye mkoba, kivae kwanza ndipo uvae kofia, na ukifue mwenyewe. Ushungi mwembamba uliobanwa vizuri unakaa chini ya kofia bila tabu. Wanawake wa Indonesia na Malaysia, Waislamu wenzenu, wanapanda pikipiki hivyo kila siku iendayo kwa Mungu. Tanga imejulikana miaka na miaka kuwa mji wa baiskeli, na mwanamke mwenye baibui lake juu ya baiskeli ni fahari ya mkoa huu. Mliwafundisha wanawake wa mikoa mingine kutoona haya kupanda. Wafundisheni na hili. Na mtoto anayepakiwa kwenye keria kwenda shule, miguu yake imeachanishwa ili isiingie kwenye spoki, mnamkumbusha kila asubuhi: angalia miguu! Mguu ukivunjika tutamfunga plasta. Mbona hamumwambii kitu juu ya kichwa?

Haya si mambo mageni duniani, na waliotutangulia waliyalipia kwa damu. Tarehe 13 Mei 1935, huko Dorset, Uingereza, T. E. Lawrence, yule aliyepata jina kwa vita vya Arabuni, aliwakwepa vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli akarushwa kutoka kwenye pikipiki yake. Kichwani hakuwa na kofia. Alikufa siku ya sita. Kati ya madaktari walioitwa alikuwemo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia. Cairns hakusema ajali haina kinga. Alikwenda kuhesabu. Mwaka 1941 aliandika katika jarida la British Medical Journal kwamba ndani ya miezi 21 kabla ya vita kuu ya pili, waendesha pikipiki na abiria wao 1,884 waliuawa barabarani nchini humo, wengi kwa majeraha ya kichwa, na kwamba kofia ngumu ingewaokoa wengi. Novemba mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawaamuru wapanda pikipiki wake wavae. Raia walikaidi hadi sheria ilipowalazimisha mwaka 1973, na ukaidi huo uliwachukua miaka 32.

Tangu hapo hesabu imefanywa mara nyingi. Kofia ya pikipiki hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 40, na wa kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70. Kwa baiskeli, Jake Olivier na Prudence Creighton wa Australia walikusanya tafiti zenye habari za waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 walioumia, wakakuta kwamba kofia inapunguza majeraha ya kichwa kwa nusu hivi, na yale makubwa kwa zaidi ya nusu. Sisemi inazuia kila kifo. Lori likikukanyaga, kofia haina la kukufanyia. Nasema katika kila watu kumi mnaowazika kwa kichwa kilichopasuka, kuna kadhaa ambao hawakuwa na sababu ya kulala pale.

Kuna msomi kati yenu atakayesimama na kusema Waholanzi wanapanda baiskeli nchi nzima na hawavai kofia. Ni kweli, bwana. Na Mholanzi amejengewa njia yake peke yake, ina taa zake, gari haliingii, na ameizoea tangu mtoto. Nipe njia hiyo kutoka Mkwaja hadi Pangani nitakaa kimya. Ukikopa kichwa wazi cha Mholanzi, kopa na barabara yake.

Na anayesema watu wetu hawabadiliki, atazame Vietnam, taifa la pikipiki. Tarehe 15 Desemba 2007 sheria ya kofia ilianza kutumika kwa dereva na abiria, na karibu nchi nzima ilivaa kwa mara moja. Kama Vietnam ni mbali, nendeni Kigali: abiria wa pikipiki anakabidhiwa kofia kabla hajaketi, na dereva anatembea nazo mbili. Wanyarwanda nao wana jua, wana misuko na wana umaskini.

Sasa barabara. Enzi za Ranchi ya Mkwaja, pale kampuni ya Amboni ilipofuga ng'ombe kuwalisha nyama wafanyakazi wa mkonge, na hata baada ya ranchi kufungwa na ardhi yake kuingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, njia yenu ilikuwa udongo na mchanga. Mchanga uliwashika mwendo kwa lazima. Mlianguka, mkainuka na michubuko, mkaamini kwamba kuanguka ni hivyo. Barabara ya lami ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Mkwaja hadi Pangani na Tanga, pamoja na daraja la Mto Pangani, mmeililia miaka mingi na mna haki ya kuifurahia. Itafupisha njia ya hospitali, itafikisha samaki wakiwa wazima. Nami nawatabiria na lingine. Malori na mabasi yatakayoona hakuna haja ya kuzunguka Chalinze na Segera yatapita mbele ya milango yenu, na kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu kitakuwa namba tu iliyochorwa kwenye bati. Kijana aliyezoea kwenda 30 kwenye mchanga atagundua pikipiki yake inaweza 90. Mchuuzi wa samaki, na tenga lake lisilo na taa, atakuwa kwenye njia moja na semi-treila. Usiku ng'ombe watakatiza, ngiri watakatiza, na tembo wa Saadani atasimama katikati. Lami haina mchanga wa kumpokea mtu. Mkifungua barabara hiyo kwa vichwa mlivyonavyo sasa, mwaka wake wa kwanza mtauhesabu kwa majina.

TANROADS na wilaya wana deni kwenu: nafasi ya pembeni iliyo pana kwa baiskeli na waenda kwa miguu, matuta mbele ya shule, taa vijijini. Lidaini deni hilo kwa sauti kubwa. Lakini msikae kichwa wazi mkilisubiri.

Mwenyekiti wa kijiji, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya Mamlaka za Wilaya, imeipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mmeutumia kwa mbuzi wanaozurura na kwa takataka. Utumieni kwa vichwa, kwa pikipiki na kwa baiskeli pia, mahali sheria ya nchi ilipokaa kimya. Ila msiifanye mtego wa faini. Siku mgambo watakapoanza kuvizia elfu mbili mbili za wachuuzi, watu watarudi kuvaa kwa ajili ya mgambo, na tutakuwa pale tulipoanzia. Wenye VICOBA, mnakopeshana kwa vitenge na vyombo. Fungueni mkopo wa kofia. Walimu, mtoto anayekuja shule kwa baiskeli kichwa wazi mwiteni mzazi wake kama mnavyomwita kwa utoro.

Na wewe tajiri unayemiliki pikipiki nne kijiweni na kuuza baiskeli dukani. Baiskeli unaiuza na pampu na kufuli, maana umeona mteja asiibiwe. Kila jioni unapokea hesabu, na ikipungua shilingi elfu moja unauliza imekwenda wapi. Kofia hujawahi kuuliza iko wapi. Vijana wale wanaamka kwa ajili yako, na akianguka mmoja unatuma mtu akaangalie chombo kimeharibika kiasi gani. Pikipiki nne ni vichwa vinane, wa mbele na wa nyuma. Nunua kofia nane zenye mikanda mizima, zipeleke kijiweni kesho asubuhi, na dukani usimtoe mteja na baiskeli mpya bila kofia juu ya tandiko. Jioni watakapokuja na hesabu, kabla hujanyoosha mkono kupokea fedha, waambie wakuonyeshe kofia kwanza.